Usizime

Mama mkwe alipotokea kwenye lango la gereji, Mangeni alikuwa amepiga magoti kando ya pikipiki, injini inanguruma, bisibisi mkononi, kichwa karibu kiingie chini ya kiti. Aliona kwanza pindo la gomesi ya kijani, lile vazi refu la akina mama linalofungwa kwa mshipi. Halafu akaona kikapu. Halafu akasikia sauti ikiuliza kwa Kisamia kama Osborn yuko hapa, na ile sauti, jamani, aliijua. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akiisikia ikitokea upande wa pili wa ukuta, ikizungumza na mkewe Felistus, na kila ilipomfikia yeye alitafuta njia ya kuondoka.

Wewe ambaye hukuoa Usamia utauliza, kwani mama mkwe ana nini? Afadhali angekuwa chui, mtu angejua la kufanya. Mama mkwe humtazami usoni. Humpi mkono. Huli naye, huketi alipoketi, humwiti jina, na mkikutana njiani mmoja wenu anaingia porini mpaka mwenzake apite. Naye kwako ni hivyo hivyo. Si chuki, ni heshima, ila heshima yenyewe ina meno. Watu walisema anayemgusa mama mkwe mikono yake itatetemeka mpaka aingie kaburini, na watoto wake watatoka vidonda visivyosikia dawa. Mangeni alikuwa fundi, na alikuwa na watoto. Aliogopa mara mbili.

Basi akafanya kile ambacho mkwe yeyote mwenye adabu angefanya. Aliachia bisibisi ikaanguka, akainama chini ya dirisha, akatokea mlango wa nyuma, akaruka mtaro na kujitupa kifudifudi kwenye mahindi ya jirani. Hakusema neno na mtu, maana hata kusema mbele yake ni kosa. Akalala pale, kidevu kwenye udongo, akingoja.

Pikipiki ilikuwa ya Osborn Maloba, karani wa pamba kule Lumino, ambaye baba yake na mama huyo walizaliwa tumbo moja. Ilikuwa mashine ya Kiingereza ya zamani, nzito, iliyoachwa na Mzungu mmoja wa kazi za barabara aliyerudi kwao baada ya uhuru. Osborn aliipenda kuliko alivyompenda mchumba wake, na mchumba alishamwambia hivyo. Lakini mwaka huo wa sitini na tano ilianza kumwaibisha. Betri inakufa, na betri ikifa injini nayo inakufa, popote pale, hata katikati ya mto. Mangeni alipoifungua aliona mara moja kwamba ugonjwa uko kwenye regyuleta, kile kisanduku cheusi chini ya kiti kinachopokea moto wa umeme kutoka kwenye dainamo na kuupeleka kwa betri kwa kipimo. Ndani kilikuwa kimeungua, kinanuka.

Alikwenda Tororo kwa basi kutafuta kingine. Alizunguka maduka ya spea mpaka soli ya kiatu ikalika, na kila mwenye duka anamwuliza kama pikipiki hiyo bado wanaiendesha watu walio hai. Duka la mwisho walikuwa nacho kimoja, kimefungwa kwenye karatasi ya grisi, kimekaa rafuni tangu wakati wa Wazungu. Akakibeba kwenye mapaja mpaka Busia kama mtu aliyebeba mayai.

Kukifunga hakukumpa shida. Waya za pikipiki ile zilikuwa za zamani, zimevikwa kitambaa badala ya plastiki, na kila moja aliirudisha mahali pake. Shida ilikuja alipowasha injini: mshale wa chaji pale mbele haukuinuka. Akafikiri, hiki chombo kimelala miaka mingi, ulimi wake umekaza. Mle ndani mna kibati kidogo, mafundi wanakiita ulimi. Injini ikizunguka, ulimi unagusa, moto unapita kwenda kwenye betri. Injini ikizimwa, ulimi unaachia, ili moto wa betri usirudi nyuma. Huo ni mlango tu, unafunguka na kufungwa wenyewe. Mangeni akavunja njiti ya kiberiti, akaichomeka nyuma ya ulimi ili mlango ukae wazi kwa nguvu, aone kama dainamo inafanya kazi. Mshale ukainuka. Akatabasamu. Akawa anarudi chini ya kiti kutoa njiti na kulegeza springi ya ulimi, na hapo ndipo gomesi ya kijani ilipoingia.

Kwenye mahindi alisikia Osborn akicheka, akasikia sauti ya Emong, fundi mwenzake wa gereji, halafu injini ikapandisha mngurumo, ikatoka langoni, ikapotea upande wa Lumino. Mangeni akashusha pumzi. Akangoja kidogo zaidi kwa usalama, akajipangusa udongo, akarudi ndani akiwa na haya kidogo, maana alijua Emong atamcheka.

Na kweli Emong alimcheka. Emong alikuwa Mteso wa upande wa Molo, huko Tororo, naye kwao wana mambo hayo hayo ya wakwe, lakini mama mkwe wake alishafariki na tangu hapo aliona ana ruhusa ya kuwacheka wengine. Akasema mama alikuja sokoni Busia, akasikia Osborn yuko kwa fundi, akaja kuomba lifti. Hakujua kabisa kwamba ni gereji ya mkwe wake. Alipojua, naye alitaka kukimbia! Ndiyo maana Emong aliharakisha mambo, ili wawili hao wasiteseke bure.

Mangeni alikuwa haangalii Emong. Alikuwa anaangalia gunia lililotandikwa chini. Bisibisi ipo. Regyuleta ya zamani ipo. Kifuniko cha ile mpya hakipo.

"Ile njiti umetoa?" akauliza.

"Njiti gani?"

"Emong. Njiti, mle ndani kwenye ulimi."

Emong akaacha kucheka. "Mimi naona mashine nangoruma vizuri, nasema kazi nakwisha," akasema. "Nafunga kifuniko, nawapa njia."

Mangeni akashika meza. Unaelewa, alikuwa ameshaiona kazi hii kwa macho yake. Alipokuwa anajifunza ufundi kule Tororo, mtu mmoja anayeitwa Ofwono alichomeka njiti hivyo hivyo kwenye pikipiki ya mteja, akasahau, akazima injini. Moto wote wa betri ukarudi kwenye dainamo iliyosimama, waya zikawa nyekundu ndani ya kitambaa chake, na kabla Ofwono hajamaliza kuwasha sigara, kiti kilikuwa kinawaka. Mguu wake wa kulia haukukunjika tena. Na hii ya Osborn haikuwa na fyuzi hata moja, na bomba lake la petroli lilikuwa linavuja. Mangeni mwenyewe alimwambia Osborn wiki hiyo hiyo kwamba bomba hilo wataliangalia baadaye.

Injini ikizunguka, hakuna neno. Ikizimwa tu, moto.

Akauliza kama Osborn alisema atapita wapi. Emong akasema hakusema. Lakini alimwonya asizime injini mpaka afike nyumbani, kwa sababu betri bado ni tupu, acha ijae njiani. Hapo Mangeni akapata pumzi. Halafu Emong akaongeza jambo ambalo lilimwondolea pumzi hiyo. Mama alikataa kupanda. Hajawahi kupanda pikipiki maishani, alisema ataanguka afe na watu wa Lumino waseme alikufa kwa tamaa ya lifti. Basi Emong akamketisha upande kwenye keria, akachukua ncha za mshipi wa gomesi, zile ndefu zinazoning'inia, akazipitisha nyuma na kuzifunga kwenye chuma cha keria kwa raba ya tyubu. Alikaza sana. Mama akafurahi, akasema sasa hata kukiwa na shimo.

Mangeni alishairukia baiskeli ya Emong kabla hajamaliza. Alisahau kisu, alisahau koleo, alisahau hata kufunga vifungo vya ovaroli. Alikumbuka njiti tu.

Barabara ya Lumino siku hiyo ilikuwa na matope ya mvua ya jana yake, na hilo ndilo lililompa tumaini. Osborn hatakimbia. Tena akiwa na shangazi yake nyuma anayesema pole pole, hatakimbia hata kidogo. Tena Osborn alikuwa mtu wa salamu, hawezi kupita duka bila kusimama na kuuliza hali ya kila mtu na ya mbuzi wake. Siku zote tabia hiyo ilimkera Mangeni. Leo aliiombea na kuiogopa kwa pamoja, maana atakaposimama, nani ajuaye kama hatasahau maneno ya Emong na kugeuza ufunguo? Watu wakipiga domo huzima injini. Ni kawaida. Yeye mwenyewe angezima.

Alikanyaga. Kila moshi alioona mbele ulimkata maini. Moshi wa kwanza ulikuwa wa jikoni kwa watu. Wa pili ulikuwa wa mtu anayechoma magugu, na Mangeni alilia kwa sauti alipouona, halafu akalia tena alipotambua ni magugu. Kwenye duka moja akauliza bila kushuka. Naam, Osborn amepita, alisimama hapa, amesalimia. Injini? Injini ilikuwa inanguruma mpaka tukashindwa kusikilizana. Ameondoka sasa hivi. Mama alikuwa mzima? Mwenye duka akamwangalia kwa mashaka, akasema mama ni mzima, kwani vipi?

Hakujibu. Akaacha barabara kubwa na kuingia njia ya miguu inayokata kinamasi, mahali ambapo barabara inazunguka mbali kutafuta daraja. Alibeba baiskeli begani palipo na maji. Mafunjo yakamkata mikono. Alianza kusali, na sala yenyewe ilikuwa haina kichwa wala miguu. Alisema Bwana, asizime, Bwana, asizime, na katikati yake alikuwa akimtukana Emong, na katikati ya kumtukana Emong alijua kwamba Emong hana kosa. Nani alikimbia na kuacha kazi imefunguliwa tumbo? Nani alishindwa kusema neno moja, toa njiti? Angeweza kunong'ona. Angeweza hata kupiga mluzi. Akafikiri juu ya Felistus, ambaye asubuhi hiyo alimpa uji na kumwambia mama yake yuko sokoni, angalia msikutane. Atamwambia nini? Atasimama wapi kumwambia?

Alitokea kwenye daraja la mbao, nao ndio kwanza wanafika, pikipiki inatambaa kwenye mbao kwa mguu mmoja mmoja wa Osborn, kelele tele. Mangeni akapanda ukingo mbio, matope mpaka kiunoni, ovaroli wazi, mikono juu.

Mama Anjeline Taaka, mama mkwe mwenyewe, ndiye aliyemwona kwanza. Hebu jiweke mahali pake. Umeketi kwenye pikipiki, umefungwa, huwezi kushuka uingie porini kama adabu inavyotaka. Na mkwe wako, mume wa binti yako, mtu ambaye tangu alete ng'ombe hajawahi hata kukohoa mbele yako, anatoka kinamasini amejaa matope, kifua wazi, anakujia mbio huku anapiga kelele. Utafikiri nini? Alifikiri pombe. Akafanya kile ambacho mama mkwe yeyote mwenye adabu angefanya. Alijifunika kichwa na uso kwa kitambaa chake cha begani, akageukia upande wa pili, akampiga Osborn mgongoni kwa ngumi: twende, twende, usisimame.

Osborn hakumwona Mangeni kabisa, alikuwa anaangalia mbao. Alipomaliza daraja akaongeza mwendo kama alivyoagizwa na shangazi. Mangeni alifika Osborn akiwa ameshaondoka. Moshi wa bomba ulimpiga usoni. Alisimama darajani akihema, akaona mgongo wa kijani unakwenda na mshipi umekazwa nyuma kama mzigo wa kuni, na woga aliokuwa nao mpaka hapo ukawa si kitu. Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwogopesha mama. Kadiri anavyomfukuza, ndivyo anavyokimbia.

Lakini aende wapi? Amwache? Alirudi kwenye baiskeli. Alipanda kilima kile akisukuma kwa miguu na kwa meno. Kule juu barabara imenyooka, na mbele yake aliona ng'ombe wengi wamejaa barabara nzima, wanakwenda kunywa maji, na nyuma ya ng'ombe pikipiki imesimama inangoja. Alisikia injini. Ilikuwa inanguruma. Hajawahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Osborn aligeuka. Safari hii alimwona. Alimwona fundi wake anakuja mbio, mkono unapunga, mdomo unafunguka na kufunga. Osborn si mtu mbaya. Aliwaza kwamba labda amesahau kitu gereji, labda kuna habari. Mama nyuma alimpiga mgongoni tena, lakini ng'ombe wako mbele, atakwenda wapi?

Mangeni alipiga kelele kwa pumzi yote iliyobaki kifuani.

"Usizime! Osborn, usizime!"

Osborn akaweka mkono sikioni. Hasikii. Hizo kelele zote za injini, nani angesikia? Akamfanyia ishara, ngoja kidogo. Akashuka, akainua pikipiki kwenye stendi yake shangazi akiwa bado ameketi juu, na ili aweze kumsikiliza mtu vizuri, akageuza ufunguo.

Kimya.

Kilikuwa kimya cha ajabu, ng'ombe tu wakipumua. "Unasemaje, bwana?" Osborn akauliza, huku anamwendea hatua chache.

Mangeni aliitupa baiskeli. Alikuwa bado mbali, umbali wa kurusha jiwe, na aliuona moshi kabla ya Osborn. Ulianza mwembamba na mweupe chini ya kiti. Akakimbia akimwonyesha kwa kidole. Osborn akageuka, akaona, akarudi mbio, akavua kofia na kuanza kupiga pale penye moshi. Kiti kikatoa cheche. Halafu bomba la petroli likashika na ulimi wa moto ukapanda kwenye mkono wa shati lake. Osborn akaruka mtaroni akajibiringisha kwenye matope, anapiga mkono wake, analia shangazi, shangazi. Hakuweza zaidi ya hapo.

Mama Anjeline alikuwa bado amejifunika uso. Hakuona kitu. Alisikia miguu ya mkwe inakuja, ikawa karibu, karibu mno, karibu kuliko inavyowezekana, na akafanya alichoweza mtu aliyefungwa: alishika fundo la mshipi wake tumboni kwa mikono yote miwili, akalibana.

Mangeni alisimama.

Ndiyo, alisimama, na usimcheke. Moto uko mbele yake na miguu ilikataa. Hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha njia ya kupita hapo. Alimtazama Osborn mtaroni, akatazama ng'ombe, alitafuta mtu yeyote ambaye si yeye. Hakuwapo. Alizunguka nyuma akajaribu raba ya tyubu, na raba ilikuwa imekazwa, tena imeanza kuyeyuka, ikamgandia vidoleni na kuchuna ngozi. Kisu hana. Njia ilikuwa moja tu, ni fundo la mbele. Na kumfungua mshipi mama mkwe, wewe, hata katika kulewa mtu hasemi maneno hayo.

Pindo la gomesi likashika.

Akaja mbele. Akaweka mikono yake juu ya mikono ya mama mkwe. Mama alitoa sauti moja ya hofu kubwa na kubana zaidi, maana alimwogopa yeye kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Mama," Mangeni akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu ndoa. "Mama, unaungua. Achia."

Akaachia. Labda ni joto lilimfikia mguuni, labda ni sauti ya mtu anayelia, kwa sababu Mangeni alikuwa analia. Alivuta fundo likafunguka, akamkumbatia kiunoni kwa mikono yote miwili, akamnyanyua kutoka kwenye keria, na gomesi ambayo haikuwa tena na mshipi ikabaki nyuma nusu, inawaka, akaichana na kuitupa. Walianguka pamoja barabarani. Akamburuta. Nyuma yao tangi lilitoa mshindo, na ng'ombe wote wakatimka porini wakiwa wameinua mikia.

Halafu alimwachia, akageuka haraka, akavua ovaroli lake na kulirusha nyuma bila kutazama. Akaketi kwenye ukingo wa barabara na kaptula yake, mgongo kwa mama, uso kwa mahindi ya watu. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Akaitazama. Ilikuwa imechubuka na kuungua, na ilitetemeka vibaya sana, akaibana katikati ya magoti, ikatetemeka humo humo. Akajua basi, ndiyo hii sasa. Imeanza. Aliwaona watoto wake mmoja mmoja. Aliona wazee wa Lumino wamekaa, na Felistus ameambiwa achukue vitu vyake arudi kwao, maana utaishije na mwanamume aliyemvua mama yako nguo mchana, barabarani, mbele ya ng'ombe?

Osborn alitoka mtaroni, matope mwili mzima, mkono umevimba. Akasimama kati yao, akitazama pikipiki yake inavyoisha. Moto ulikuwa unakula tairi.

Nyuma yake Mangeni alisikia ovaroli likivaliwa, taratibu, na mama akivuta pumzi kwa maumivu ya mguu. Akasikia akijifunga. Alingoja alaaniwe. Mama akaita, lakini hakumwita yeye, alimwita Osborn, kama ilivyo desturi wakwe wakilazimika kusema jambo: husemi naye, unasema na mtu aliye katikati.

"Osborn, mwulize mtu huyo. Alikuwa ananifukuza kwa nini?"

Osborn akamgeukia Mangeni, ingawa kila neno limesikika.

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema aliona moshi kwa mbali. Osborn angeamini, na dunia nzima ya Busia ingemsifu. Lakini alikuwa ameogopa siku nzima na hakuwa na nguvu iliyobaki ya kuogopa jambo jingine.

"Mwambie shangazi yako," Mangeni akasema kwa mahindi, "pikipiki nilikuwa sijaimaliza. Niliacha njiti ndani. Ndiyo iliyochoma. Nilikuwa naitoa, nikamwona yeye anaingia, nikakimbia kumpa heshima."

Osborn hakurudia. Mdomo wake ulibaki wazi. Moto ulipasuka kidogo, ukatulia. Mangeni aliinamisha kichwa kama mtu anayengoja kupigwa.

Alisikia miguu mitupu kwenye changarawe. Mmoja ulikuwa unachechemea. Ilikuja ikapita kando ya Osborn, ikaja tena, ikasimama nyuma yake. Mangeni alifumba macho. Mkono ukawekwa begani mwake, na mkono huo nao ulikuwa unatetemeka kama wake.

"Mangeni," mama mkwe akasema. Hakupitia kwa mtu. "Siku nyingine ukiniona naingia, usinikimbie. Kaa hapo hapo, maliza kazi yako."

"Ndiyo, mama," akajibu.

Mama hakuuondoa mkono, naye Mangeni hakusogea.